Aliyeshinda Ndiye Anayeanza Kusema

Kabla hajaitwa Ukuta alikuwa na jina lake kama watu wote, ila jina hilo lilibaki kwa mama yake na kwenye pasipoti. Mama mtu alikuwa mfuaji wa taulo katika klabu moja ya michezo. Chumba chake cha kufulia kilikuwa nyuma ya viwanja vya tenisi, na ukuta wake wa nje haukuwa na dirisha wala bomba, mtupu kama kiganja. Binti yake huyo hakuwa na pa kuachwa baada ya shule. Akapewa raketi iliyokatika nyuzi mbili na mpira ulionyonyoka manyoya, akaambiwa acheze hapo hapo, asisogee.

Basi akaupiga ukuta, na ukuta ukamrudishia. Ukuta ni mpinzani mbaya. Hauchoki, haukasiriki, na mpira haujaupita hata siku moja. Ukicheza nao utashindwa tu, hata uwe nani. Mtoto alishindwa hivyo miaka kadhaa, na huko ndani, kwenye mvuke na harufu ya sabuni, mama alikuwa akisikia pu, pu, pu, akajua mwanawe yupo. Pu zikikatika, anatoa kichwa mlangoni.

Mwalimu wa tenisi wa klabu, bwana mmoja mrefu mwenye kofia iliyofifia mpaka hujui ilikuwa rangi gani, siku moja alipungukiwa na mchezaji akamwita huyo mtoto wa mfuaji ajazie nafasi. Akakuta hapigi kwa nguvu, hana mbwembwe, ila kila mpira unaokwenda kwake unarudi. Unakwenda, unarudi. Wenzake wakaanza kulia kwa hasira. "Huyu si mchezaji," mwalimu akasema, "huyu ni ukuta ulioota miguu." Jina likaganda hapo hapo, kama ujuavyo majina ya utani: jina jema hutafutwa, la utani hujileta.

Mwalimu alikuwa na msemo wake, akiusema kila alipomwona mchezaji anamwonea huruma mwenzake aliyechoka. "Mpira hauna shangazi." Maana yake usitegemee kwamba ukimhurumia mtu leo, mpira nao utakuja kukuhurumia wewe kesho. Ukuta aliubeba msemo huo, pamoja na raketi zake, akaenda nao duniani.

Wanaouona mchezo huu kwenye televisheni hudhani ni makofi na maua. Hayo yako juu kabisa, kwenye ghorofa ya mwisho. Chini kwenye ngazi mambo ni mengine. Ni viwanja vya pembeni mwa maghala, na watazamaji wawili, mmoja wao amesinzia. Mipira mnaokota wenyewe. Kila wiki mji mwingine, stendi nyingine, kitasa kingine cha mlango kisichofunga vizuri. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: mashindano yana wachezaji tele na mshindi mmoja, kwa hiyo wote waliobaki humaliza wiki kwa kushindwa. Mtu huenda kazini akijua kwamba karibu kila wiki ya maisha yake itaishia kwa kufungasha mapema kuliko alivyotaka.

Mama yake hakuwahi kuelewa hesabu za seti na gemu, na hakutaka kuelewa. Alikuwa akipokea simu na kuuliza swali moja tu.

"Leo umefua au umefuliwa?"

"Nimefuliwa, mama."

"Haya, jianike. Kesho utakauka."

Baada ya hapo angeeleza habari za mashine iliyoharibika na paka wa jirani, na Ukuta angesikiliza yote, hata ya paka, kwa sababu katika siku nzima hiyo ndiyo sauti pekee iliyomwita kwa jina lake.

Mwenzake alimpata mbele ya mashine ya kufulia, kwenye hosteli moja ya wachezaji. Msichana mrefu, mwenye mkono wa kushoto, alikuwa anasukumia ndani sketi zake zote nyeupe pamoja na soksi nyekundu. Ukuta, mtoto wa mfuaji, alishindwa kuvumilia. Akamwambia dada, ukifunga huo mlango, kesho utacheza ukiwa umevaa waridi. Yule akageuka, akamtazama juu mpaka chini, akasema bora waridi kuliko kukaa uchi akisubiri mashine izunguke mara ya pili. Akafunga mlango. Kesho yake alicheza amevaa waridi, akashinda.

Wachezaji walimwita Mashoto, kwa ajili ya huo mkono. Wakaanza kugawana chumba, kwa sababu chumba cha watu wawili ni nafuu, na wakaendelea kwa sababu walizoeana. Mashoto alikuwa muongeaji. Anaongea akipiga mswaki, anaongea akifunga kamba za viatu, na ukimwambia nyamaza, anaeleza kwa nini hawezi. Ukuta akagundua kwamba alikuwa na njaa ya maneno na hajui.

Sasa, ubaya wa kazi ile ni kwamba rafiki yako ndiye mpinzani wako. Droo, ile orodha ya nani atacheza na nani, ikibandikwa, mnaweza kukuta majina yenu yametazamana. Mara ya kwanza iliwatia wazimu: mmoja anajifanya kucheka, mwingine anajifanya hana habari, na wote wawili wakacheza ovyo. Ndipo Mashoto akatunga kanuni. Droo ikitukutanisha, alisema, tangu dakika hiyo hatusemezani, hata pole, hata nipishe, mpaka mechi iishe na tuwe tumerudi chumbani. Na huko chumbani, aliyeshinda ndiye anayeanza kusema. Aliyeshindwa hana sauti, si haki kumtaka aanze yeye. Na mshindi asije na pole za msibani, aje na tusi au mzaha, ili mwenzake apate pa kujibia.

Kanuni ilifanya kazi. Mara moja Mashoto alishinda, akaingia chumbani, akasimama mlangoni na kusema, "Ukuta, leo nimekupaka rangi mara mbili." Wakacheka mpaka wa chumba cha pili akagonga. Na mara Ukuta aliposhinda, alisema jambo fulani kuhusu miguu ya Mashoto ambalo halifai kuandikwa.

Wakapanda pamoja. Alama moja, alama kumi, vikombe viwili vya bati vinavyofanana na vikombe vya chai. Majina yao kwenye orodha ya ubora wa dunia yakawa yanasogea juu polepole, kama maji kwenye kitambaa. Lakini bega la kushoto la Mashoto likaanza kuuma. Aliliuguza kwa siri, maana wapinzani wakijua una bega bovu watakulisha mipira ya juu mpaka likatike. Hakutaka hata mtaalamu wa viungo wa mashindano alione, kwa kuwa pale kila mtu anapita na kila mtu ana macho. Aliyejua ni Ukuta peke yake. Ikawa kazi yake. Jioni anampaka dawa ya kuchua, ile yenye mafuta. Asubuhi anapangusa bega kwa spiriti mpaka mafuta yote yatoke, kisha anabandika plasta, mistari mitatu ya kukatiza, kama mtu anayefunga kifurushi. Kupangusa ndiko kwenyewe. Plasta haishiki juu ya mafuta.

Ndivyo walivyofika kwenye mashindano makubwa ya kwanza, makubwa yale ya televisheni. Hawakuwa na nafasi ndani. Walitakiwa kupita mchujo, mechi tatu nje kwenye viwanja vya pembeni, na atakayeshinda zote anaingia. Wote wawili walishinda mbili. Droo ya mechi ya tatu ikabandikwa ukutani, na Ukuta aliposoma jina la pili hakushtuka, alihisi tu baridi masikioni. Mashoto alikuwa amesimama pembeni yake. Akanyamaza. Akavuta begi lake, akaondoka.

Asubuhi chumba kilikuwa kimya kama benki siku ya mapumziko. Mashoto alikaa ukingoni mwa kitanda chake, akampa mgongo, akashusha fulana begani. Hakuomba, kanuni ilikataza. Ukuta akachukua mkasi na plasta. Kichwa chake kilikuwa uwanjani tayari, na vidole vilitaka kumaliza upesi, kwa sababu hakuna ugumu kama kumgusa mtu unayempenda siku unayotaka kumshinda. Akakata, akabandika mistari mitatu, akakandamiza. Chupa ya spiriti ilikuwa mezani, imefungwa kizibo. Aliiona alipokuwa anafunga mlango. Hakurudi.

Je, alisahau? Hilo ndilo swali alilojiuliza miaka yote iliyofuata, na kila alipolijibu, jibu lilidumu siku moja tu.

Mashoto alichukua seti ya kwanza. Jua likapanda, uwanja ukawa kikaango, na katikati ya seti ya pili plasta ikaanza kubanduka. Ncha moja ikaning'inia nje ya mkono wa fulana kama ulimi. Mashoto akaivuta yote kwa hasira, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakumtazama Ukuta. Akaja mbele kwenye wavu kama kawaida yake, kumaliza mchezo.

Mpira ulikuwa unakuja kwa Ukuta. Kulikuwa na nafasi kushoto, kulikuwa na nafasi kulia. Akauinua juu, juu sana, juu ya bega lile.

Mashoto aliruka, mkono ukakataa nusu ya safari. Na Ukuta, ambaye anajua kurudisha na kurudisha, akauinua tena. Na tena. Mpira hauna shangazi. Walipofika kwenye wavu kushikana mikono, mkono wa Mashoto ulikuwa umelegea kama nguo iliyolowa, na mdomo wake umefungwa, kama kanuni ilivyotaka.

Kuanzia pale Ukuta akachukuliwa kama mzigo wa haraka. Huku kadi mpya ya kuingilia, huku mpiga picha, huku mtu anamweleza kesho anacheza saa ngapi na nani. Njiani kurudi hosteli alikuwa ametunga mzaha wake, ameuweka chini ya ulimi kama peremende. Angesimama mlangoni, aseme, "Bibi wee, fungasha, ukuta umekuangukia." Mashoto angejibu kitu kibaya zaidi. Angeomba msamaha baadaye, ndani ya kicheko, mahali ambapo msamaha hauumi.

Akafungua mlango. Mashoto alikuwa amekaa kitandani, begi limefungwa, macho yanamngoja. Na juu ya meza, kando ya chupa ya spiriti, ilikuwepo ile plasta. Imekunjuka, upande wa gundi juu, na gundi inang'aa mafuta.

Mzaha ukamkauka mdomoni. Ukuta akaitazama plasta, akamtazama mwenzake, akapita moja kwa moja hadi bafuni, akafungua maji. Akakaa humo akiyasikiliza. Alipotoka, kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa bila kunyanzi, na plasta haikuwepo.

Kesho yake alishinda. Na mechi iliyofuata alishinda pia, mbele ya watu wengi kuliko aliowahi kuwaona pamoja. Mama alipouliza umefua au umefuliwa, akajibu nimefua, mama, nimefua mpaka mapazia. Mama akacheka, kisha akauliza yule mwenzako wa mdomo mrefu anasemaje. Ukuta akasema amesafiri.

Kutoka hapo maisha yake ya kazi yakawa yale ambayo wenzake wa chini wanayaota. Akaingia kwenye mia bora wa dunia, akakaa humo misimu mingi. Akapata kocha wa kulipwa, mtu mpole anayezungumzia usingizi na ndizi. Mara moja alifika robo fainali ya mashindano makubwa, na klabu ya nyumbani wakapaka rangi ule ukuta wa chumba cha kufulia na kuandika jina lake, mama akalalamika kwamba rangi inachuja ikinyesha. Akawa na chumba chake peke yake, kitasa kinafunga, zulia linameza hatua.

Lakini kila alipofika mapokezi, aliomba chumba cha vitanda viwili. Karani wa mapokezi angeuliza mgeni wa pili anafika lini. "Amechelewa," alikuwa anajibu. Kitanda cha pili alikiwekea begi la raketi, limenyooka, kichwa kwenye mto.

Habari za Mashoto alizisikia vipande vipande. Bega limepasuliwa. Amejaribu kurudi, ameshindwa. Ameacha. Mara mbili Ukuta alimpigia simu, akasikia "Hallo, nani mwenzangu?" akakata. Mara ya tatu namba ilikuwa haipatikani. Mama, ambaye hakuambiwa kitu na alijua kila kitu, alimwambia siku moja katikati ya habari za paka: "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mwanangu. Na wewe ukuta tayari unao." Ukuta akasema atamtafuta. Lakini kila mwaka neno lililochelewa linakuwa zito kidogo, kama taulo linalozidi kunywa maji, mpaka unaona bora uliache ndani ya beseni.

Mwili nao haukumsahau. Goti la kulia, lile linalobeba mwili wakati wa kugeuka, likaanza kulia kama bawaba. Jina likashuka kwenye orodha, mia, mia mbili. Kocha wa ndizi akapata mchezaji mwingine. Ukuta akajikuta amerudi kwenye viwanja vya pembeni mwa maghala, kwenye mchujo, anaokota mipira pamoja na wasichana wanaomwamkia "Shikamoo." Hiyo shikamoo ilimuuma kuliko goti.

Ilikuwa kwenye mashindano ya namna hiyo, asubuhi ya mechi ya mwisho ya mchujo. Goti limevimba. Akaingia kwenye chumba cha matibabu, kijichumba chenye kitanda kimoja cha ngozi ya bandia na feni inayolalamika, akalala akifunika macho kwa mkono. Akasikia mtu anaingia, anasogeza kiti, anashika goti lake na kulipima kwa vidole gumba. Hakuna salamu. Akadhani ni ukali wa wataalamu, wana foleni. Akaondoa mkono usoni.

Mashoto alikuwa amevaa fulana nyeupe ya watu wa tiba, kadi shingoni. Amenenepa kidogo, nywele fupi. Alikuwa anatazama goti, hatazami uso, na mdomo wake, mdomo ule uliokuwa haufungi hata kwa mswaki, ulikuwa umefungwa.

Akachukua pamba, akaimwagia spiriti. Akapangusa goti. Akatupa pamba, akachukua nyingine, akapangusa tena, mbele, kando, nyuma, taratibu, mpaka ngozi ikawa kavu kama karatasi. Kisha akaanza kukata plasta.

Ndipo Ukuta akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimjia kama maji ya baridi. Mwenzake hakuwa amenuna. Alikuwa anangoja. Alikuwa anangoja tangu siku ile kitandani, begi limefungwa. Aliyeshinda ndiye anayeanza kusema.

Neno lililolala miaka yote hiyo lilitoka limekunjamana.

"Bibi wee," akasema, "fungasha. Ukuta umekuangukia."

Mkasi ukasimama hewani. Feni ikalalamika raundi nzima.

"Umechelewa," Mashoto akasema. Kisha mabega yake, zima na bovu, yakaanza kutikisika, na Ukuta hakujua kama ni kicheko mpaka alipokisikia. "Umechelewa, mwanamke wewe, hata nyumba yenyewe ilishabomolewa."

Ukuta akamwambia basi, yote, haraka, kwamba siku ile hakupangusa, na kwamba mpaka leo hajui kama alisahau au alitaka. Mashoto alibandika mstari wa kwanza, akaukandamiza.

"Nilijua wakati unabandika," akasema. "Mafuta yalikuwa yanateleza, mimi si gogo. Nilitaka kusema pangusa. Lakini kanuni niliitunga mimi mwenyewe, ningeivunja vipi?"

"Na ile plasta uliyoniwekea mezani?"

"Plasta gani?" Akafikiri. "Shoga, nilikuwa natoa vitu mfukoni. Kulikuwa na leso pia, na ganda la peremende. Hayo hukuyaona?"

Hakuyaona. Alikuwa ameona kimoja tu.

Mashoto akamaliza mistari mitatu, ya kukatiza. Alieleza, sasa maneno yakirudi moja moja kama kuku jioni, kwamba alipopasuliwa alikaa na watu wa tiba mpaka akaipenda kazi, kwamba ana mume na watoto wawili wenye kelele, kwamba huyu wa pili ana mkono wa kushoto. Aliwahi kumwona Ukuta kwenye televisheni akifika robo fainali, akasimama sebuleni akapiga kelele mpaka mtoto akalia. Hakupiga simu. Si zamu yangu, alijiambia kila mara. Hapo wote wawili wakaitazama hiyo miaka, jinsi ilivyokwenda bure kwa heshima ya kanuni ya wasichana wawili waliokuwa wakigawana sabuni.

Mlangoni mtu mwingine alikuwa anangoja kitanda. Mashoto akamgonga goti kwa mkasi, akasema haya shuka, mgonjwa, nina kazi. Mchana huo huo alikuwa anasafiri kurudi kwake. Zamu yake ilikuwa imekwisha.

Ukuta alicheza na msichana mmoja mwenye nguvu, asiyekosea, asiyechoka. Aliona mapema kwamba atashindwa, akacheza hata hivyo, kila mpira unaokwenda ukirudi, mpaka mmoja haukurudi. Alipopita kijichumba cha matibabu mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli.

Chumbani kwake alikaa ukingoni mwa kitanda na kumpigia mama. Nje kulikuwa bado mchana mkavu, na sauti ya mipira ilikuwa inafika mpaka dirishani, pu, pu.

"Leo umefua au umefuliwa?"

"Nimefuliwa, mama." Alikuwa anatazama goti lake. "Lakini plasta haikubanduka."

"Plasta gani tena?"

Akataka kueleza, akaona ni ndefu. Akasema atakuja kumweleza akirudi nyumbani, na safari hii anarudi kukaa. Mama akasema vizuri, kuna taulo nyingi. Akaendelea na habari za paka, ambaye alikuwa amezaa ndani ya kikapu cha nguo safi. Ukuta alimsikiliza mpaka mwisho. Baadaye akainuka, akalitoa begi la raketi kwenye kitanda cha pili, akaliweka chini.